Kwa binamu yangu wa Busia: chanjo ya maana ilikuwa ipi?

Binamu, ule ujumbe wako wa sauti kwenye grupu la familia nimeusikiliza mpaka mwisho, hata pale ulipoanza kugombana na mwenye boda katikati ya hotuba. Unasema chanjo ya korona ya AstraZeneca imeondolewa sokoni kwa sababu wenyewe wamekiri ni sumu. Unasema nyinyi wa Busia, Uganda, mlitupiwa makapi, na sisi wa ughaibuni tukapewa chanjo za maana. Unasema watu wa huku walikwenda kuchanjwa kwa hiari yao, hawakusukumwa na mtu, maana wanaiamini serikali. Halafu baada ya kuyasema yote hayo, unaniomba nikutafutie nafasi ya uaskari wa mlangoni hapa Abu Dhabi. Nitajibu, tena hapahapa kwenye grupu, kwa sababu naona vijana wa Sofia, mtaa wenu pale Busia, wameshaanza kukugongea dole gumba.

Tuanze na hayo makapi. Mimi wa nchi ya magorofa nilichomwa Sinopharm. Ndiyo, ya Mchina, ileile ambayo ungeambiwa Busia ni ya Mchina ungekimbilia ng'ambo ya mpaka. Huku waliifanyia majaribio tangu Julai 2020, wakaisajili Desemba mwaka huohuo, na sisi wa makambi ya wafanyakazi ndiyo tuliyoletewa. Nyinyi mlichomwa AstraZeneca, iliyobuniwa Oxford. Zile dozi 864,000 zilizoshuka Entebbe tarehe 5 Machi 2021 zilitengenezwa na kiwanda cha Serum Institute, kule Pune, India. Na mwezi mmoja tu kabla ya hapo, ndege ya shirika la Emirates ilishusha Dubai dozi 200,000 za AstraZeneca kutoka kiwanda hichohicho. Matajiri wa Dubai walichomwa makapi yaleyale ya Busia, na sijasikia hata mmoja wao aliyerekodi ujumbe wa sauti.

Ukitaka asilimia za kinga, ninazo. Kwenye majaribio Pfizer ilipata 95, Moderna 94, Sinopharm kama 79, Johnson & Johnson ya dozi moja 66, Sinovac ya Brazil 51. Najua utazipanga kama msimamo wa ligi na kutangaza bingwa. Usifanye hivyo. Pfizer ilipimwa mwaka 2020, kabla kirusi hakijabadilika sana. Sinovac ya Brazil ilipimwa kwa wahudumu wa afya, watu wanaoshinda na wagonjwa kutwa nzima, na hata kikohozi chepesi kilihesabiwa. Mahali tofauti, miezi tofauti, kirusi tofauti. Ulichotakiwa kuuliza ni kama chanjo inakuzuia kulazwa na kufa, na kwa hilo zote zilikuwa na msaada mkubwa kuliko mkono mtupu.

Hata hivyo sitakuficha: ya kwangu ndiyo iliyochoka mapema. Mwaka 2021 Abu Dhabi walitutangazia kwamba aliyemaliza Sinopharm miezi sita iliyopita lazima achome ya tatu. Wenzetu wa Pfizer wakati ule hawakuambiwa hivyo. Kwa hiyo kati yangu na mama yangu aliyechomwa AstraZeneca pale kituo cha afya, aliyepewa hafifu ni mimi.

Na hilo la sumu. AstraZeneca iliachwa Mei 2024, na kampuni ilisema sababu ni biashara: chanjo mpya zilikuwa zimejaa na hakuna aliyekuwa akiiagiza tena. Kuganda kwa damu ni kweli kulikuwepo, na kampuni iliandika hivyo mahakamani, lakini ni jambo la nadra sana, mtu mmoja katika makumi ya maelfu, na halikuwa siri. Denmark walisimamisha chanjo hiyo tarehe 11 Machi 2021, siku moja baada ya Uganda kuanza kuitoa. Siku moja! Hapo ndipo tulipochanganyikiwa. Wauguzi wetu wanafungua maboksi, televisheni inaonyesha Wazungu wanafunga ya kwao. Uingereza baadaye wakawapa walio chini ya miaka 40 chanjo nyingine, kwa sababu walikuwa na nyingine ya kuwapa. Sisi tulikuwa na hiyo tu. Kwa mzee wa miaka 60, hatari ya kuganda damu na hatari ya korona hazikuwa hata za kuwekwa kwenye mizani moja, lakini nani alikaa na wazee kuwaeleza hivyo kwa lugha yao?

Sasa hiari. Supavaiza aliingia chumbani kambini na karatasi ya majina, akasoma, tukapanda basi. Hakuna aliyetushika kwa nguvu, hiyo ni kweli. Tuliambiwa tu kwamba asiyechanjwa atapimwa korona, kile kipimo cha PCR, kila wiki kwa pesa yake mwenyewe, na mshahara wa askari unaujua kwa sababu nusu yake huwa inaishia kwako. Mnepali aliyelala kitanda cha juu yangu alikuwa anaogopa sindano kuliko wewe. Alikwenda. Hiyo ndiyo imani kwa serikali uliyoisikia.

Kazi yangu ilikuwa mlangoni kwenye moli moja. Kuanzia tarehe 20 Agosti 2021 waliochanjwa tu ndio walioruhusiwa kuingia, na ushahidi wenyewe ni programu ya simu inayoitwa Al Hosn. Kijani, pita. Kijivu, rudi. Hata ukiwa umechanjwa, kijani kilidumu siku 30 tu baada ya kipimo, kisha simu inageuka kijivu peke yake ukiwa umelala. Mimi, mtoto wa Busia ninayejua njia zote za panya za mpaka ule, nikawa ndiye mpaka. Mama mmoja wa Kizungu alinifokea kwamba hawezi kuingiza vitu vya Kichina mwilini mwake, na huku ananionyesha simu iliyoundwa China. Aliniita "boy". Nina watoto wawili. Nilisema samahani mama, nikaendelea kunyoosha mkono kuzuia mlango.

Lakini huyo hakuniuma. Aliyeniuma ni binti wa kwetu. Alikuja na familia anayoifanyia kazi, tajiri kijani, mke kijani, watoto hawahitaji chochote kwa sababu ni wadogo. Simu ya binti ni kijivu, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumpeleka kupimwa, na ruhusa ya kutoka mwenyewe hana. Akaona jina langu kifuani, akajua. Akaniambia taratibu kwa Kiganda, "Ssebo," yaani bwana. Hilo tu. Kamera iko juu ya kichwa changu, supavaiza yuko nyuma ya kioo. Nikamrudisha. Alikaa kule maegesho na mikoba ya watoto, joto la Agosti unalolisikia kwenye hadithi, na wale walikaa ndani wakala na kununua mpaka magharibi. Mkiona picha yangu ya ile sare ya bluu mnaandika "boss mwenyewe". Sawa.

Na jambo la karatasi ndilo ambalo hukuligusa kabisa kwenye hotuba yako. Tarehe 11 Juni 2021 nchi hii ya Emirates, yaani Falme za Kiarabu, ilifunga njia kwa wasafiri kutoka Uganda. Walipofungua kidogo tarehe 5 Agosti, walioruhusiwa kurudi ni wenye kibali cha ukaazi waliochanjwa dozi mbili hapahapa Emirates. Hapahapa! Kuna mwenzetu wa Iganga alikuwa likizo nyumbani, akachomwa dozi zake mbili za AstraZeneca, akatunza kadi yake kwenye nailoni kama cheti cha ndoa. Chupa ya Pune ikichomewa Dubai ni chanjo. Ikichomewa Iganga ni hadithi. Kampuni haikumsubiri, nafasi yake akapewa mtu mwingine, na deni la ajenti bado analo. Kwa hiyo ukitaka kulalamikia ubaguzi wa chanjo, lalamikia hapo, nami nitakuja na ngoma. Hakuna aliyekunyima dawa nzuri, binamu. Walichotunyima ni dozi kwa wakati na heshima ya mhuri wetu.

Maana dozi zenyewe zilikatika. India ilipobanwa na wagonjwa wake mwishoni mwa Machi 2021 ikazuia kuuza nje, na wimbi la kirusi kipya cha Delta likaikuta Uganda na friji tupu. Agosti mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros, aliziomba nchi tajiri zisimame kwanza na dozi za nyongeza mpaka wengine wapate ya kwanza. Mimi nikachomwa ya tatu, wakati dada yako hajaona hata moja. Niligoma? Sikugoma. Simu ingegeuka kijivu na mlango wangu mwenyewe ungenikataa.

Nije kwa baba mkubwa, ambaye kwako ni mjomba. Nilitaka kumruka lakini umeniudhi. Aprili 2021 chanjo ilikuwepo Busia na foleni ilikuwa fupi. Nilimpigia simu. Akasema amesikia kwamba ukichomwa unakufa baada ya miaka miwili, na wanaume wanakuwa tasa. Ana miaka 67, ana watoto tisa, anaogopa utasa! Nilicheka. Nilipomuuliza kasikia wapi, akanitajia nani? Juni alianza kubanwa kifua. Sasa anaitaka, tena anaidai, na kituo hakina. Hospitali moja binafsi ikataka amana ya mamilioni kabla ya kumwekea oksijeni. Nikakopa kwa Wahindi wa kambini, nikatuma kwa mobile money mafungu mafungu kwa sababu ya kikomo cha kutuma. Wewe ndiye uliyezipokea na ndiye uliyekesha naye, hilo silisahau. Ulimnunulia na chupa za Covidex, ile dawa ya mitishamba ya yule profesa wa Mbarara, zikiwa zimeshapandishwa bei na walanguzi. Hata mimi ningenunua. Alifariki ndani ya lile zuio la kusafiri, na mimi kutoka hapa nisingeweza, kwa sababu ningetoka ningefungiwa nje na ada zenu zote zingefungiwa nami. Nilimzika kwa simu, picha inakwama kila dakika.

Sikulaumu. Lakini usinitumie tena mambo ya sumu.

Najua serikali yetu nayo iliharibu imani ya watu. Mwaka 2021 Ikulu yenyewe ilitangaza kwamba mamia ya watu Kampala walikuwa wameuziwa sindano za maji wakidhani ni chanjo. Shule zikafungwa karibu miaka miwili, mpaka tarehe 10 Januari 2022. Mwezi uliofuata Bunge likawa linachambua muswada wa faini ya shilingi milioni 4, au jela, kwa atakayekataa chanjo. Milioni nne, kwa muuza nyanya wa mpakani! Mtu aliyekosa sindano Juni kwa kuwa haipo anatishiwa jela Februari kwa kuwa haitaki. Ningekuwa huko labda ningegoma kwa hasira tu.

Kuhusu kazi. Usije. Mlango ninaosimama haujakusubiri wewe, na sharti la Al Hosn waliliondoa Novemba 2022 lakini "boy" hawakuliondoa. Una duka la chapati linalokulisha, kaa nalo. Ila najua utakuja, kwa hiyo sikiliza. Kadi ya homa ya manjano uchomwe kweli, usiinunue vichochoroni. Hiyo ya kununua siku moja itakurudisha na sanduku lako. Ajenti asichukue hata shilingi kabla hujanipigia picha mkataba, kurasa zote, ile ya nyuma hasa. Usiuze kiwanja cha mjomba kulipia safari, nitajua. Ukifika, chochote wanachokuchoma uliza jina lake na uliandike, kisha uchomwe, usijifanye daktari. Na kama utaamua kubaki, vilevile nitafurahi, na hela ya mtaji wa unga nitaongeza mwisho wa mwezi.

Mama ana miaka 71 sasa na sukari yake inapanda. Mpeleke kituoni Jumatatu, uwaulize wauguzi kama wana dozi yoyote ya nyongeza kwa wazee. Usimsikilizishe ule ujumbe wako kwanza. Nauli ya boda nimeituma, ya kwenda na kurudi, kwa watu wawili, si ya rolex, ile chapati yako ya mayai.