Shangazi Anajibu: Walivaa suti wakazunguka kimya, ilisaidia nini?

SWALI: Shikamoo shangazi. Niko chuo hapa Mombasa, juzi darasani tulibishana sana. Mwenzangu anasema mashoga wa Marekani walipata haki zao kwa kurusha mawe pale Stonewall mwaka 1969 na hakuna kingine. Mimi nikasema kabla ya hapo kuna watu walizunguka kimya na mabango wamevaa suti, wakanicheka wote, ati kuzunguka na tai kunamtisha nani. Nani mkweli? – Mwanafunzi, Mombasa

JIBU: Marahaba mwanangu. Wewe umesema kweli na mwenzako kasema nusu, manake Stonewall ilikuwepo, polisi walivamia baa hiyo ya New York usiku wa kuamkia tarehe 28 Juni 1969 na watu wakapambana nao siku kadhaa, hilo halina ubishi. Lakini hao wa suti walishaanza miaka minne nyuma.

Kwanza uelewe hali ilivyokuwa. Mwaka 1953 Rais Eisenhower alitia saini amri iliyofanya serikali iwafukuze kazi watu wa aina hiyo, na ukifukuzwa serikalini kwa sababu ile nani mwingine atakuajiri? Frank Kameny alikuwa msomi wa mambo ya nyota, ana udaktari wa Harvard, anafanya kazi idara ya ramani ya jeshi, akafukuzwa 1957. Akapeleka kesi mpaka Mahakama ya Juu ya nchi, 1961 wakakataa hata kumsikiliza. Basi akaunda chama pale Washington, na tarehe 17 Aprili 1965 watu kumi tu, wanaume saba wanawake watatu, wakaenda kuzunguka mbele ya Ikulu, saa moja hivi, wakarudi makwao. Siku hiyohiyo mjini kulikuwa na maandamano makubwa ya kupinga vita ya Vietnam kwa hiyo hao kumi nani angewaona.

Lakini mwanangu hebu fikiria hao kumi. Kila mmoja anajua kuna kamera, kuna polisi, pengine bosi wake anapita na gari. Mwenzako anauliza suti inamtisha nani, mimi naona wa kuogopa pale alikuwa yule aliyeivaa, manake uso uko wazi na ukishaonekana umeonekana. Siri ndiyo ilikuwa fimbo ya kuwachapia, mtu anakwambia nitakusema, nawe unanyamaza maisha yako yote. Sasa ukijisema mwenyewe barabarani mchana kweupe, yeye atakusema nini tena?

Suti nazo hazikuwa za urembo. Kameny aliweka sheria kali, wanaume koti na tai, wanawake gauni, mabango yapitiwe kwanza, hakuna kupiga kelele. Hoja yake ni kwamba unadai kazi basi uonekane mtu wa kuajiriwa. Kuanzia Julai 4 mwaka ule wakawa wanafanya hivyo kila mwaka Philadelphia, mbele ya jengo la uhuru wao, siku watu wanasherehekea uhuru na watoto na maputo yao. Barbara Gittings, mwanaharakati mwenzao, alikuwepo. Na kwenye mzunguko wa Ikulu Oktoba 1965 alikuwepo Ernestine Eckstein, dada mweusi aliyetokea kwenye harakati za weusi, yeye alishajua mabango yanafanya kazi gani wakati wenzake wengi bado wanaogopa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa New York, 21 Aprili 1966. Mabaa yalikuwa yanakataa kuwahudumia kwa kuogopa kunyang'anywa leseni, basi vijana wachache wa pale, akina Dick Leitsch na Craig Rodwell, wakaiga mbinu ya wanafunzi weusi waliokaa kwenye viti vya wazungu mgahawani Greensboro 1960. Wanaingia baa, wanasema sisi ni mashoga, tumetulia na tutaendelea kutulia, tunaomba kinywaji. Waandishi wa habari wako nyuma yao. Sehemu mbili wakahudumiwa bila shida, wakabidi watafute pa kukataliwa! Wakaenda Julius', baa iliyokuwa imevamiwa na polisi siku chache tu nyuma, mhudumu alipowasikia akaweka kiganja juu ya glasi. Ile picha ipo mpaka leo. Ukiitazama utaona hakuna mtu amenyanyua mkono kumpiga mwingine, ni kiganja tu na glasi, na kila kitu kimeeleweka.

Ila sitakuficha, hizo sheria za Kameny zilikuja kuwabana wenyewe. Julai 4, 1969, wiki moja baada ya Stonewall, wanawake wawili wakashikana mikono kwenye mstari, Kameny akaenda akawaachanisha. Rodwell akakasirika sana, na ndiye mwenye wazo la kukutana Philadelphia kila mwaka. Mimi hapo niko na Rodwell kabisa. Unadaije haki ya kupenda halafu unaogopa mkono kushikwa? Mwaka uliofuata, 28 Juni 1970, wakahamia New York, maelfu wakatembea kutoka Greenwich Village mpaka Central Park, kila mtu na nguo yake, wanaimba, wanashikana, na bado hawakupigana na mtu. Kwa hiyo mwambie mwenzako amani na adabu ya kuvaa tai ni vitu viwili tofauti.

Na serikali iliondoa ile marufuku ya kazi 1975. Kameny aliombwa radhi rasmi 2009, akaipokea, akafariki 2011.

SWALI: Shangazi, ni kweli aliyepanga yale maandamano ya Martin Luther King alikuwa shoga? Na ati aliwahi kuishi kwetu? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Ni kweli. (Na wanawake wa pwani wanaoitana shoga kwa maana ya rafiki wasinikasirikie, natumia neno alilotumia msomaji.) Ni Bayard Rustin. Mwaka 1953 alihukumiwa kifungo cha siku 60 California kwa sababu hiyo, na wiki chache kabla ya maandamano ya Agosti 28, 1963 seneta mmoja, Strom Thurmond, akasimama bungeni kumwanika, akitegemea wenzake watamtupa. Hawakumtupa. Watu 250,000 walikuja na hakukuwa na fujo, manake Rustin alipanga mpaka vyoo, maji, na kuwaambia watu wasije na mikate ya mayonezi itachachuka juani.

Na Dar alifika, 1962, yeye na Bill Sutherland na mchungaji Michael Scott walifungua ofisi ya kupanga matembezi ya amani kuvuka mpaka kuingia Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) kumuunga mkono Kaunda. Matembezi hayakufanyika kwa sababu uchaguzi ulikubaliwa. Yaani mtu aliyekuja kusaidia uhuru wa huku, kwao alikuwa bado anaitwa mhalifu. Msamaha wa kesi ile ya 1953 gavana wa California aliutoa mwaka 2020, mwenyewe amefariki tangu 1987.