Tega! Maswali Yenu Kuhusu Vitendawili vya Middle-earth

Barua za safari hii karibu zote zinatoka kwa wapenzi wa The Hobbit (1937) na The Lord of the Rings (1954–1955), vitabu vya J.R.R. Tolkien vinavyosimulia Middle-earth, ulimwengu wake wa kubuni. Tumechagua tano.

SWALI: Kikundi chetu hukutana kila Jumamosi, na kila mmoja huja na kitendawili kuhusu Middle-earth. Vyangu huteguliwa kabla sijamaliza kusema. Cha mwisho kilikuwa hiki: “Inavaliwa kidoleni, na anayeivaa haonekani.” Nakosea wapi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Hayo ni maelezo ya kamusi yaliyofutwa jina, si kitendawili. Neno “kidoleni” peke yake limeshamaliza kazi. Kibaya zaidi, si kweli: katika The Lord of the Rings, Tom Bombadil, mkazi wa msituni, aliivaa Pete, ile ya uchawi ambayo hadithi yote inaizunguka, mbele ya Frodo, hobiti aliyeibeba, na wenzake, na aliendelea kuonekana kama kawaida. Aliyesoma sura hiyo atakukatalia, na atakuwa na haki.

Anza na jibu, halafu urudi nyuma. Chukua karatasi uandike mambo sita au saba ya kweli kuhusu Pete: ilifuliwa katika moto wa mlima Orodruin, ilizama mto Anduin ikakaa humo zaidi ya miaka 2,400, Gollum, kiumbe wa mapangoni, alikaa nayo karibu miaka 500, mchawi Gandalf aliitupa kwenye moto nyumbani kwa Frodo, ikatoka baridi, mwishowe iliyeyukia kule kule ilikotengenezwa. Sasa tafuta mawili yanayopigana. Moto haukuipasha, moto uliimaliza. Hapo ndipo penye kitendawili.

Kisha kivalishe nguo. Hapa ndipo wengi wanaotega kwa Kiswahili huumbuka, kwa sababu ya ngeli. Ukisema “unawaka”, msikilizaji anajua unatafuta upanga, mshumaa, moto. Ukisema “kinalia”, ameshaweka kando nusu ya kamusi. Wazee wetu walilijua hilo, ndiyo maana hawakutega “halina mlango” wakimaanisha yai, walisema “Nyumba yangu haina mlango.” Kitenzi kikafuata nyumba, na yai likabaki limejificha. Kwa hiyo chagua kwanza kitu cha kulifunika jibu, na upatanisho wote ufuate hicho. Kifuniko chepesi kuliko vyote ni mtu: mgeni, ajuza, askari. Ukishindwa kupata kifuniko, tumia “hu-” (huwaka, hulia, hulala), maana haina ngeli ya kukusaliti.

Pete yako sasa inakuwa hivi: “Nina mgeni: moto wa kwangu haumpashi, moto wa kwao umemla.” Maneno kumi. Ukipita kumi na tano, unasimulia.

Jaribio la mwisho: jiulize kama kuna jibu la pili. Mfano, “Taa yangu huwaka adui akija” ni kizuri masikioni, lakini kina majibu matatu. Upanga wa Bilbo, hobiti wa The Hobbit, uitwao Sting, hung'aa maadui waitwao maorki wakikaribia, na panga nyingine mbili, Glamdring na Orcrist, zilizopatikana pamoja nao katika pango lile lile la mazimwi, hung'aa vilevile. Ongeza kipimo: “Kwa zimwi kisu, kwangu upanga, adui akija ni taa.” Hapo imebaki Sting tu, kwani ndiyo fupi kiasi hicho.

SWALI: Tumegombana kweli kweli. Katika shindano lao la vitendawili, Bilbo alimshinda Gollum kwa kumuuliza, “Nina nini mfukoni?” Huo si wizi? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Kitendawili si. Kitendawili hubeba dalili za jibu ndani yake, na swali hilo halina hata moja. Bilbo mwenyewe alikuwa anajisemea tu baada ya kugusa pete mfukoni. Lakini ushindi ni halali, na sababu iko katika alichofanya Gollum. Alilalamika kwamba si haki, halafu badala ya kukataa akadai nafasi tatu za kubahatisha. Akapewa. Akataja mikono, akataja kisu, na mara ya tatu akachomeka majibu mawili kwa pamoja: uzi, au hakuna kitu. Yote yakawa makosa. Tolkien anaigusa kesi hii katika utangulizi wa The Lord of the Rings: wajuzi wanabishana kama swali lile lilikuwa halali, ila wote wanakubali kwamba Gollum akishalipokea na kujaribu kulijibu, ahadi yake imemfunga.

Mkiendelea kugombana, hakikisheni mnasoma toleo moja. Katika lile la 1937 Gollum aliahidi zawadi, yaani pete yenyewe; tangu 1951 sura iliandikwa upya, na dau likawa kumwonyesha Bilbo njia ya kutokea. Mabishano mengi ya aina hii huzaliwa na matoleo mawili kwenye meza moja.

Na aliyeshinda asijivune sana. Kitendawili cha Gollum ambacho jibu lake ni “wakati”, Bilbo hakukitegua: alitaka kuomba wakati wa kufikiri, sauti ikamkwama, likatoka neno “wakati” tu.

SWALI: Nategua vibaya. Nikisikia kitendawili nakimbilia kutaja kila kitu ninachokikumbuka kitabuni. Kuna njia? – Msomaji, Arusha

JIBU: Ipo, na somo lake liko kwenye lango la Moria, mji wa chini ya milima katika The Lord of the Rings. Maandishi ya lango yalikuwa na maana ya “Sema, rafiki, uingie.” Gandalf alifanya kama wewe: alikariri maneno ya kufungulia milango kwa lugha moja baada ya nyingine, na lango halikutikisika. Alikuwa amemchukua “rafiki” kuwa ndiye anayesemeshwa.

Sasa iandike sentensi hiyo kwa Kiswahili bila alama yoyote: sema rafiki uingie. Isome mara mbili. Mara ya kwanza rafiki anaitwa. Mara ya pili “rafiki” ndilo neno lenyewe la kutamkwa. Kiswahili kinaipokea hila hii bila kupoteza hata punje. Gandalf alipolitambua hilo akacheka, akatamka “mellon”, yaani rafiki kwa lugha ya elfi, na mlango ukafunguka.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta jibu, kitoe kitendawili alama zake zote, kisha uulize kila neno: wewe ni nani hapa, mtendaji, mtendwa au unaitwa? Halafu tenganisha kifuniko na tendo. Katika “Nina mgeni” achana na mgeni, hayupo. Shika mioto miwili. Neno lolote linaloonekana la bure limewekwa kwa sababu, hasa vijineno kama “kwangu” na “kwao”.

SWALI: Naweza kutafsiri vitendawili vya kitabuni nikavitega kwa Kiswahili? – Msomaji, Bujumbura

JIBU: Vingine vinapita, vingine vinafia njiani. Kile cha yai kinapita bila visa: sanduku lisilo na funguo wala kifuniko, lenye dhahabu ndani. Tatizo ni kwamba kwetu kitateguliwa papo hapo, maana kila mtoto anaijua nyumba isiyo na mlango. Kile cha jua linalomulika maua madogo ya majani kimejengwa juu ya jina la ua, “daisy” kwa Kiingereza. Tolkien alikuwa profesa wa Kiingereza cha kale pale Oxford, na katika lugha hiyo jina la ua hilo lilimaanisha “jicho la siku”. Ndiyo sababu kitendawili kinazungumzia jicho linaloona jicho. Kwa Kiswahili jicho la pili halina mwenyewe. Usikihangaikie, tunga kingine kwa maneno yetu yenye maana mbili, kama “paa”, “kaa” au “panda”. Bilbo alipanda mti na tai wakapaa naye: hapo pana kazi ya jioni nzima.

SWALI: Tunataka mashindano. Kanuni zikoje? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Nafasi tatu kwa kila kitendawili, jibu moja kwa kila nafasi, mwenye kuunganisha mawili kama Gollum amepoteza nafasi zote mbili. Dakika mbili zinatosha. Wakishindwa, mtegaji aombe mji kama desturi, na mji uwe wa Middle-earth: “Nipe mji.” “Twaa Minas Tirith.” “Nimefika Minas Tirith, wakanipokea kwa shangwe…” halafu atoe jibu. Maswali ya tarehe na umri yakataeni. Kwamba Bilbo alitimiza miaka 111 siku Frodo alipotimiza 33, jumla 144, ni chemshabongo, na mwenye simu atashinda.

Duru ya mwisho iwe ya majigambo. Kila mmoja ajitambulishe kwa mafumbo kama Bilbo mbele ya joka Smaug, wenzake wamtambue ni mhusika gani. Ila atazame asitoe dalili moja nzito mno. Bilbo alijiita mpanda mapipa, na neno hilo moja likamtosha Smaug kuwashuku watu wa mji wa ziwani, akaruka kwenda kuuchoma.