Kipanga Asiyeonekana

SWALI: Shikamoo mwalimu. Hapa kwetu Muheza kuna ndege mweusi, mkia panda, hupenda kutua kwenye kamba ya nguo. Juzi nimesikia kipanga akilia, kuku wakakimbilia chini ya uchanja. Kumbe ni yeye aliyeiga! Ni ndege wa kawaida huyu?

JIBU: Marahaba. Wa kawaida kabisa. Huyo ni mlamba. Mtazame macho: mekundu kama kaa la moto. Mimi aliwahi kunitoa jikoni mbio, mwiko mkononi, niokoe vifaranga. Angani hamna kitu!

Kule jangwa la Kalahari, kusini mwa Afrika, mtafiti Tom Flower na wenzake walimchunguza, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Mlamba hukaa tawini, juu ya nguchiro wanaochimba chakula. Adui akija kweli, huwaonya. Wakishamwamini, siku nguchiro mmoja akifukua nge mnono, jamaa hupiga yowe la uongo. Nguchiro huyoo shimoni, nge kaliwa. Wakimshtukia, hubadili sauti, hata akaiga ya kwao wenyewe. Zilihesabiwa sauti 51 za tahadhari, nyingi za kuiga. Karibu robo ya chakula chake ni cha wizi.

Sasa wewe angalia: kuku wakikimbia, yeye anashuka kuokota nini?