Maswali yenu wiki hii: hizo picha za slaidi mtazisoma lini?

Muhula umefunguliwa, embe zimeanza kushuka bei sokoni, na meseji zenu karibu zote ni simu na laptopu darasani, ziruhusiwe au zikatazwe. Nimechagua chache. Nyie mnaoniuliza bumu, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo, linaingia lini, mimi siyo Bodi ya Mikopo, nimeshasema.

"Mwalimu, kuna ubaya gani kupiga picha slaidi badala ya kuandika? Inaokoa muda." (Mwaka wa pili, Isevya)

Yaani wewe ni wa sita mwezi huu na mnauliza kwa maneno yaleyale. Haiokoi muda, mdogo wangu, inausukuma tu mpaka usiku wa kuamkia test.

Juzi kaja binti hapa stationari kwangu jioni, anataka kuprinti madesa (notsi za kusomea), test kesho yake saa mbili asubuhi. Kafungua picha zake kwenye simu tukaanza kushuka nazo. Slaidi, chipsi mayai, slaidi yenye kisogo cha mtu wa mbele kimefunika nusu ya fomula, selfi nne, slaidi iliyopigwa kwa pembeni mwanga wa dirisha umeila katikati, harusi ya mtu, slaidi tena. Za somo moja tu zilikuwa zaidi ya mia na hajui ipi ni ya wiki ipi. Nikamuuliza hii ni nini, akasema ngoja nizumu. Akazumu. Kilikuwa kivuli cha projekta. Nikamprintia alizotaka, karatasi zikatoka nyeusi tii maana slaidi zenyewe zina rangi ya bluu nyuma, kanilipa pesa yake kaondoka nazo kwapani, mi biashara nimefanya lakini roho iliniuma, kwa sababu alikuwepo darasani wiki zote hizo, hakutega hata siku moja.

Ukiandika kwa mkono unalazimika kuchagua, maana mkono hauwezi kumkimbiza mtu anayeongea, kwahiyo kichwa kinaingia kazini, hili naliacha, hili nalifupisha, hili sijaelewa naliwekea alama nitauliza. Mueller na Oppenheimer kule Marekani walitoa utafiti mwaka 2014 kwamba wanaochapa kwenye laptopu wanaishia kunakili neno kwa neno, na kwenye maswali ya kuelewa wakazidiwa na watu wa kalamu. Nawapa na upande wa pili msije mkasema nimewaficha: wengine walilirudia jaribio lile, matokeo yakatoka 2019, tofauti haikuonekana kwa nguvu ileile. Sawa. Ila hao wote walikuwa wanapima watu wanaoandika. Wewe huandiki chochote, wewe hata kwenye utafiti haumo.

"ChatGPT inanisaidia kufuatilia lekcha palepale, tatizo nini?" (Hakutaja jina)

Lekchara yuko mita tano mbele yako na yeye hali bando lako. Muulize.

"Nikifungua Instagram darasani namsumbua nani? Bando langu, ada yangu." (Mwaka wa tatu, Kiloleni)

Unamsumbua aliyekaa nyuma yako. Kuna watafiti Kanada, mwaka 2013, waliwaweka wanafunzi wa kalamu na daftari nyuma ya wenzao waliokuwa wanarukaruka kwenye laptopu, mara hiki mara kile. Wale wa kalamu waliokuwa wanaziona hizo skrini walipata wastani wa asilimia 56 kwenye maswali, wale ambao hawakuziona walipata 73. Sasa fikiria, mtu kajinyima, simu kaizima, kaja na daftari lake la shilingi elfu, halafu anasogezwa kwenye sapu, mtihani wa marudio, na skrini yako wewe.

Na wale wa "mimi najimudu". West Point ni chuo cha jeshi cha Marekani, kadeti wanaoamka kwa amri na kulala kwa amri. Waliyagawa madarasa ya uchumi mafungu matatu, moja laptopu ruksa, moja tableti tu na ilale chali juu ya meza, moja bila kitu. Matokeo yalichapishwa 2017, mafungu yote mawili yenye vifaa yalishuka kwenye mtihani wa mwisho chini ya wale wasio na kitu. Kadeti kashindwa kujizuia, sembuse wewe uliyelala saa tisa usiku ukiangalia status za watu usiowapenda.

"Mwanangu kaanza mwaka wa kwanza wa ualimu, anasema bila laptopu ya milioni moja na laki mbili hatafaulu. Ni kweli?" (Mama, Urambo)

Shikamoo mama. Siyo kweli. Angekuwa anasoma mambo ya kompyuta ningekwambia jikaze umtafutie, lakini kwa ualimu mwaka wa kwanza anachohitaji ni mahali pa kuchapa asaimenti na kusoma makala, na hiyo kompyuta za maktaba zinatosha, zikijaa zipo stationari kama yangu. Usiuze mahindi ya chakula kwa ajili hiyo. Asome muhula mmoja kwanza tuone matokeo.

Siku ukiamua kununua, ya mtumba inatosha, ila muuzaji aiwashe bila waya mbele yako iwake nusu saa nzima huku mnapiga stori. Anayekuambia "betri ni ndogo tu ya kubadilisha" mwache na betri yake. Na mama, naomba umuulize kijana hiyo milioni moja na laki mbili kaitoa wapi, maana bei ikija imenyooka hivyo mara nyingi imetoka kwenye laptopu ya rafiki.

"Lekchara kaninyang'anya simu kakaa nayo siku mbili. Ana haki?" (Ipuli)

Kukwambia uzime ana haki, kukutoa nje ana haki. Kulala nayo siku mbili hapana, na akiifungua kusoma unachati na nani hapana kubwa zaidi, faragha ya mtu na mawasiliano yake imo kwenye Katiba, ibara ya 16. Nenda kwa mlezi wa wanafunzi ukiwa umetulia, na kasome sheria ndogo za chuo chako kabla hujaenda, zile ulizosaini siku ya usajili bila kusoma. Ila usinidanganye kwamba ilikuwa mfukoni. Simu iliyo mfukoni hainyang'anywi.

"Nina uoni hafifu, natumia kamera ya simu kukuza maandishi ya ubaoni. Wakikataza simu mimi naenda wapi?" (Mwaka wa kwanza)

Swali la maana kuliko yote ya wiki hii, na yote niliyoyasema huko juu kuhusu picha wewe hayakuhusu. Piga picha, kuza, sikiliza kwa sauti, fanya unavyoweza. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010, chuo kinatakiwa kikuwekee mazingira ya kusoma, siyo hisani.

Hapa ndipo nagombana na wenzangu wanaotaka marufuku ya moja kwa moja. Watasema "yeye tutampa ruhusa maalum". Sawa, halafu darasa la watu mia na hamsini linageuka kumwangalia mtu mmoja mwenye simu mezani, na mtu ambaye hakutaka kumwambia yeyote habari za macho yake umeshamtangazia. Bora iwepo safu ya vifaa, ya pembeni au ya nyuma, akae anayetaka bila kuulizwa kwanini, wengine wakae mbele na kalamu. Na lekchara akutumie slaidi jana yake, haimgharimu kitu.

"Naruhusiwa kurekodi sauti ya lekcha?" (Wengi)

Omba kwanza. Ukikubaliwa, ni ya kusomea wewe. Kukata kipande Dokta alipokosea hesabu ukakitupa kwenye magrupu ni habari nyingine, sauti ya mtu ni taarifa yake binafsi, kuna sheria ya 2022 inayolinda hizo taarifa, na ya makosa ya mtandao ya 2015 mnaijua wenyewe. Mtu anaweza kudisko, yaani kuondolewa chuo, kwa ujinga wa sekunde kumi na tano.

"Mimi nafundisha. Nimekataza simu tangu wiki ya kwanza, wanaficha chini ya meza, wanacheka na mapaja yao. Nifanyeje?" (Dokta, Tabora mjini)

Dokta, samahani kwa nitakachosema, nami nimefundisha miaka tisa kabla ya kufungua hii stationari kwahiyo najisema na mimi.

Mei 2024 mnakumbuka, ile Jumapili ya tarehe 12 kebo za baharini zilikatika mtandao ukaanza kusuasua nchi nzima. Kesho yake nilikuwa na kipindi saa nne. Slaidi zangu zote nilikuwa nazihifadhi mtandaoni, flashi sina, nikasimama mbele ya darasa nikiangalia kile kiduara kinazunguka tu. Dakika kumi. Wanafunzi nao simu zao zimekufa ganzi, kwahiyo wote tunaangaliana, jambo ambalo lilikuwa halijatokea muhula mzima. Nikatafuta chaki. Chaki yenyewe nilienda kuomba darasa la jirani.

Nilichora ule mchoro niliokuwa nauonyesha kila mwaka kwenye slaidi, na katikati ya kuuchora nikagundua mshale mmoja siwezi kuueleza. Nimeuonyesha miaka sita. Nikawaambia ukweli, huu sina uhakika nao, tufikirie. Siku ile niliulizwa maswali kumi na moja. Kawaida yangu yalikuwa mawili, na moja lilikuwa "mahudhurio yanapita saa ngapi?"

Sisemi waliacha simu kwa sababu mimi ni hodari, mtandao haukuwepo na wengine walilala kabisa, kuna mmoja alikoroma. Nasema tu kwamba ukisoma slaidi neno kwa neno na wao wanajua utazituma kwenye grupu jioni, mwenye akili timamu atafanya nini zaidi ya kucheka na mapaja? Usizitume zote. Acha nafasi ya mchoro, wachore na wewe ukichora. Simu ziingie kwenye begi dakika arobaini, halafu zitoke dakika kumi kwa kazi uliyoiandaa, watafute takwimu fulani, walinganishe, zirudi. Wakijua zitatoka hawazifichi sana.

Na ya kwako pia iingie kwenye begi. Niliwahi kuangalia yangu katikati ya sentensi, nilipoinua kichwa watu ishirini nao walikuwa wameinamia zao.

"Venyu yetu ina soketi mbili na tuko zaidi ya mia, tutachaji vipi laptopu?" (CR, kiongozi wa darasa, mwaka wa pili)

Mchaji usiku. Na hiyo ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni nyingine na kufungwa selotepu, ambayo najua ipo kwa sababu selotepu mlinunua kwangu, itoe leo, kabla haijashika moto.