Mombasa walipie ziara ya meli, Zanzibar watembee wenyewe

Dada, umeuliza kama wakwe zako, wanaokuja na meli ya kitalii, walipie ziara zinazoandaliwa na meli au wajizungukie. Mimi ningegawa.

Mombasa, kama wanataka tembo wa Tsavo Mashariki, walipie ziara ya meli hata kama ni ghali. Geti la Bachuma, la kuingilia hifadhi hiyo, liko kama kilomita 100, na njia ni hiyo hiyo ya malori ya Nairobi. Lori moja likiharibika Mazeras, masaa yanakwisha mmekaa kwenye foleni. Basi la meli likichelewa, kwa kawaida meli hulisubiri. Aliyekodi gari lake huachwa, na nauli ya kuifuata meli bandari inayofuata ni juu yake. Wakitaka Fort Jesus tu, tuktuk inatosha.

Zanzibar kulipia kundi naona ni hasara kweli. Bandari ya Malindi imepakana na Mji Mkongwe, ukitoka getini tu umefika. Waende soko la Darajani asubuhi, pweza bado wabichi mezani na harufu ya karafuu imejaa. Kisha Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Hapo wachukue mtembezaji mwenye kitambulisho, wasipite haraka haraka. Mabega na magoti yafunikwe, tafadhali, watu wanaishi pale.

Na waulize saa ya mwisho ya kupanda, si saa ya meli kuondoka. Hazilingani, na wengi huachwa kwa kuzichanganya.