Mlango wa sentimita ngapi?

SWALI: Ninajenga hapa Himbi, Goma, mbele kutakuwa na duka. Fundi anasema tuache sentimita 80 kwa kila mlango. Inatosha? — Mama mjenzi

JIBU: Mama, muulize kwanza: 80 ya nini? Kama ni tundu la ukutani, toa fremu ya mbao, sentimita 4 kila upande, pamoja na upenyo wa milimita 3 kila upande. Ubao wa mlango wenyewe unabaki 71. Ukifunguliwa, unene wake nao unakula njia, mtu anapita kwenye 67 hivi. Friji kubwa itabaki barazani!

Mlango mkubwa wa nyumba uwe na ubao wa 90, tundu 100. Vyumba vya kulala 80, tundu 90. Choo 70 inatosha, ila kama kuna mzee au mtu wa kiti cha magurudumu, weka ubao wa 90 huko pia, maana anahitaji njia tupu ya 80.

Kuta zetu za mawe ya volkano hazinyooki, na plasta inaweza kula sentimita 2 kila upande. Pima tundu juu, katikati na chini, kisha ufuate kipimo kidogo. Usiagize mlango kabla ya hapo.

Dukani, tundu la 140 lenye mbao mbili, 90 na 40. Ukigawa sawa kwa sawa, mwenye gunia atapita kiubavu kila upande mmoja ukifungwa. Huo wa 90 utie bawaba tatu. Bawaba mbili zikibeba ubao mzito, mlango unalegea na kukwaruza sakafu.