Wanaolala stendi ya Moshi: tuwapelekee nini?

Dada yangu, umeuliza kama unga na mchele mliochanga jumuiyani utawafaa wanaolala nje karibu na stendi. Hapana. Hawana jiko wala pa kuhifadhi; watauza kwa bei ya kutupa.

Siku wakipata chochote, ni andazi, chipsi au mihogo ya kukaanga. Tumbo linajaa, lakini protini, madini ya chuma na vitamini ni haba, na mwili wa hivyo hata kidonda kinachelewa kupona.

Hiyo michango igeuzeni sahani. Mlipeni mama lishe wa Mbuyuni mapema awape wali, maharage na mchicha, siku nyingine dagaa. Mtu akae kwenye benchi ale kama mteja mwingine. Kwangu hilo lina uzito sana. Cha kubeba: mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu, parachichi. Karanga ni nzuri, ila ulizeni kwanza kama meno yanamruhusu.

Mkimkuta aliyekaa siku nyingi bila kula, amekonda mno au miguu imevimba, msimshindilie chakula. Kula kingi ghafla huvuruga chumvichumvi za damu na kunaweza kumuua. Mpelekeni hospitali ya Mawenzi siku hiyohiyo.